Kufundisha kuhusu Frederick Douglass: tuanze na historia au na kitabu?

Swali: Walimu wenzangu, je, wanafunzi wa sekondari waelezwe kwanza historia ya utumwa wa Marekani, au wafungue moja kwa moja masimulizi ya mwaka 1845 ambamo Douglass, Mmarekani Mweusi aliyetoroka utumwa, anasimulia maisha yake?

Jibu: Wafungue kitabu. Katika sura ya saba Douglass, akiwa bado mtoto mtumwa huko Baltimore, anawapa watoto maskini wa Kizungu mkate ili nao wamfundishe kusoma, na hapo maswali ya historia huzuka yenyewe.

Jibu: Naafiki, ingawa kwa wanachuo ningeongeza tawasifu yake ya 1855: dibaji ya kitabu cha 1845 iliandikwa na William Lloyd Garrison, Mzungu mpinga utumwa, na ya kitabu cha 1855 na James McCune Smith, daktari Mweusi. Mjadala wa kulinganisha dibaji hizo haukosi moto.

Muuliza swali: Ahsanteni, nitaanza na mkate.