Make up na come up with, tofauti iko wapi?

Wakuu nisaidieni. Jana kwenye kikao nilitaka kumsifia bosi kwa Kiingereza kwamba kabuni mpango mzuri, nikasema "you made up a good plan", watu wakacheka na yeye akaninunia, mi najua make up ni kubuni tu sasa nimekosea wapi?

— Hahaha mkuu umemwambia bosi kazua! Make up ikikaa na stori au kisingizio mara nyingi inabeba harufu ya uongo, "he made up an excuse" yaani katunga sababu ya uongo. Kwa wazo, mpango au suluhisho sema come up with, "she came up with a plan", hapo ni kuumiza kichwa mpaka ukapata kitu.

— Naongezea, make up sio mbaya siku zote, ukimtungia mtoto hadithi ya sungura na fisi ukasema "I made it up" ni poa kabisa. Ila cheki hiyo it inakaa katikati, husemi "made up it". Come up with yenyewe haikatiki, ni "came up with it" basi.

— Mi nilidhani make up ni poda na wanja 😂

— Hiyo nayo ipo, hata kupatana baada ya ugomvi ni make up, kwa hiyo bosi bado anakusubiri.

— Asanteni wakuu, kesho naenda kumwomba radhi, kwa Kiswahili lakini.