Twin Reverb, AC30 au Marshall: ipi inafaa gitaa la solo katika bendi ya dansi?

Mpigasolo_Kirumba ameuliza:

Ndugu wanamuziki, habari za jioni.

Napiga gitaa la solo katika bendi ya dansi hapa Mwanza. Maonyesho yetu mengi huwa kwenye kumbi za Kirumba na Pasiansi, na msimu wa harusi tunapiga nje, chini ya mahema. Kwa miaka mingi nimetumia amplifaya ya transista iliyo mali ya bendi. Hivi karibuni nimepata nafasi ya kupigia amplifaya mbili za valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) zilizoletwa na jamaa waliorudi kutoka ng'ambo, yaani Fender Twin Reverb na Vox AC30. Gitaa lilikuwa lile lile na waya ule ule, lakini sauti zilitofautiana kiasi kwamba hata mkono wangu ulibadili namna ya kupiga.

Kwenye Twin kila noti ilisimama peke yake, hata nilipopiga nyuzi mbili mbili kwa kasi ya sebene, na nilipoongeza volyumu sauti ilikuwa kubwa tu bila kubadilika tabia. Kwenye AC30 sauti za juu ziling'aa zaidi; nilipokaza mkono ilianza kukwaruza kidogo, na nilipolegeza ikarudi kuwa safi. Naomba kuelewa tofauti hii inatoka wapi: ni aina ya valvu, ni spika, au ni saketi yenyewe? Pia kuna mtu anauza Marshall ya zamani, kichwa (amplifaya yenyewe bila spika) pamoja na kabati la spika nne, nami sijawahi kuisikia ikipigiwa muziki wetu. Kwa solo linalotakiwa kusikika juu ya ridhimu, besi, drams na trampeti, mngeshauri ipi?

Fundi_Mabatini amejibu:

Ndugu, umetusaidia sana kwa kueleza ulichosikia, maana maelezo yako yanaonyesha wazi kilichokuwa kikitendeka ndani ya masanduku yale.

Nianze na valvu, kwa kuwa ndizo zinazosemwa zaidi. Twin Reverb ilitoka mwaka 1963, na zile za miaka hiyo hutoa takriban wati 85 kwa kutumia valvu nne za 6L6. AC30 ina EL84 nne, ambazo ni ndogo zaidi, na hutoa wati 30 hivi. Marshall nyingi za zamani zina EL34. Utasikia watu wakisema kwamba 6L6 ni safi, EL84 inang'aa na EL34 inanguruma kwenye sauti za kati. Maneno hayo yana ukweli kiasi, lakini kwa maoni yangu sehemu kubwa ya tofauti uliyoisikia imetoka kwenye saketi inayozizunguka valvu hizo.

Katika Twin, sehemu ndogo ya sauti inayokwenda kwenye spika hurudishwa nyuma ikiwa imegeuzwa, ili kusahihisha kasoro za valvu za mwisho. Mafundi huiita fidibeki hasi. Kwa sababu hiyo amplifaya hubaki safi mpaka karibu na kikomo chake, halafu ikikifikia hukwaruza kwa ghafla. AC30 haina fidibeki hiyo kwenye hatua yake ya mwisho, ndiyo maana mkwaruzo ulikuwa ukiingia polepole na kuufuata mkono wako. Tena umeme wa AC30 za asili hunyooshwa, yaani hugeuzwa kuwa wa mkondo mmoja, na valvu ya GZ34. Ukipiga kwa nguvu, volti za ndani hushuka kwa kitambo kifupi kisha hupanda tena, na sikio huipokea hali hiyo kama noti iliyobanwa mwanzoni halafu ikafunguka. Twin hutumia dayodi, kifaa kidogo kisicho valvu, mahali hapo, kwa hiyo noti zake hutoka mara moja zikiwa kamili. Kwa mtu anayepiga sebene ya kasi, hiyo ni faida kubwa.

Kuna jambo la tatu, nalo ndilo linalowasumbua wengi jukwaani. Ukiweka vitufe vyote vya toni vya Twin katikati, saketi yake inakuwa tayari imekwisha kupunguza sauti za kati. Chumbani, ukiwa peke yako, sauti hiyo ni pana na tamu sana. Ndani ya bendi, sauti za kati ndizo zinazolibeba solo. Pandisha kitufe cha kati hadi 8, teremsha besi hadi 2 au 3, kisha usikilize upya bendi nzima ikiwa inapiga. Nimewasikia wapigaji wakilalamika kwamba Twin inapotea, wakati besi yao iko kwenye 6 na inagombana na gitaa la besi.

Kuhusu Marshall, historia yake inaeleza sauti yake. Jim Marshall alikuwa na duka la vyombo vya muziki London, na amplifaya ya kwanza ya duka hilo, JTM45, ilitengenezwa mwaka 1962 kwa kufuata saketi ya amplifaya ya Fender Bassman. Lakini waliweka ECC83 kwenye hatua ya kwanza, valvu inayokuza sauti zaidi kuliko ile ya Bassman, na wakatumia kabati lililofungwa nyuma lenye spika nne za inchi 12 kutoka Celestion badala ya spika nne za inchi 10 ndani ya sanduku lililo wazi nyuma. Saketi ilibaki karibu ile ile, sauti ikawa nyingine kabisa: sauti za kati zilisogea mbele na mkwaruzo ukaja mapema. Kwa roki ni chombo cha ajabu. Kwa solo safi la dansi itabidi uipigie kwa volyumu ndogo, na hapo unakosa kile ulichokilipia.

Ushauri wangu ni Twin.

Ridhimu_Musoma amejibu:

Shikamoo Fundi. Nakubaliana na maelezo ya saketi, ila sikubaliani na hitimisho.

Huku Mara tunapiga benga pamoja na dansi, na kumbuka kwamba D.O. Misiani, mwanamuziki wa benga wa bendi ya Shirati Jazz, alikuwa mtu wa Shirati hapa hapa ufukweni. Gitaa la benga linatakiwa likate kama wembe, kwa kuwa mtindo wenyewe umefuata namna nyuzi za nyatiti, ala ya asili ya Waluo, zinavyodonolewa: noti fupi, za juu, zinazojibizana na besi. Kwa kazi hiyo AC30, ukitumia ingizo la Top Boost (lile linalong'arisha sauti za juu), ina makali ambayo kwenye Twin huyapati bila kuumiza masikio ya walio mbele. Kwenye AC30 kuna kitufe kiitwacho Cut, kinachofanya kazi kinyume cha vingine, yaani ukikizungusha kuelekea juu kinapunguza ukali. Wengi hawakigusi. Kianzie chini, kisha ukipandishe taratibu mpaka matoazi na gitaa viachane.

Jambo lingine ambalo Mpigasolo hakulitaja ni amplifaya anayotumia mpiga ridhimu wake. Sisi tuna mbili za aina moja, na magitaa hufunikana hata tukicheza sehemu tofauti za shingo. Kama mwenzako wa ridhimu atapata yenye tabia ya Fender, wewe chukua Vox; mtasikika nyote wawili bila yeyote kulazimika kuongeza volyumu.

Mpigasolo_Kirumba amejibu:

Nawashukuru sana. Mwenzangu wa ridhimu anatumia ile ya transista, na sauti yake ni nene upande wa chini, kwa hiyo hoja ya Musoma imenigusa.

Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, AC30 niliijaribu saa mbili usiku, wakati taa za mtaani kwetu huwa zimefifia, na Twin niliijaribu mchana. Je, hilo lingeweza kubadili nilichosikia? La pili, Twin yenyewe ililetwa kutoka Marekani na inatumia volti 120 kupitia transfoma ya kushushia umeme. Ningependa kuzilinganisha kwa haki kabla sijatoa fedha.

Fundi_Mabatini amejibu:

Marahaba Musoma, na hoja yako ya magitaa mawili naipokea.

Mpigasolo, lingeweza, tena kwa kiasi cha kusikika. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, volti zote za ndani hushuka kwa takriban asilimia 13, pamoja na zile 6.3 zinazopasha moto nyuzi za valvu. Amplifaya inakuwa laini na inakwaruza mapema. Huenda basi ulegevu ulioupenda kwenye AC30 kwa sehemu fulani ulikuwa ni umeme wa jioni. Zijaribu zote mbili wakati ule ule wa siku, na multimita (kipimo cha volti) ikiwa kwenye soketi.

Kuhusu transfoma ya kushushia, chukua ya wati 500 au zaidi kwa ajili ya Twin. Kagua pia ndani, kwa msaada wa fundi, kama transfoma kuu ya amplifaya yenyewe inakubali umeme wa Hz 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), kwa sababu iliyoundwa kwa ajili ya Hz 60 pekee hupata moto zaidi kwenye umeme wetu. Usifungue mwenyewe: kapasita za Twin, yaani vihifadhi umeme vyake, hubeba zaidi ya volti 400, na zinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya.

Katika kulinganisha, sawazisha ukubwa wa sauti kwanza, maana iliyo kubwa kidogo daima itaonekana nzuri zaidi. Usihofu sana tofauti ya wati: kutoka 30 hadi 85 ni ongezeko la desibeli 4.5 tu, na spika peke yake inaweza kuleta karibu nusu ya hiyo. Spika ya Celestion Greenback ina usikivu (ukubwa wa sauti inayotoa kwa umeme ule ule) wa desibeli 98, na ile ya Vintage 30 ina 100. Ukizipigia zote mbili kupitia kabati moja, utajua kipi ni cha amplifaya na kipi ni cha spika.

Mitambo_Nyegezi amejibu:

Habari zenu. Mimi husimama upande wa mitambo, na naongeza machache kutoka huko.

Twin na AC30 zote ziko wazi nyuma, kwa hiyo ukumbini nusu ya sauti hugonga ukuta na kurudi kwa watu. Chini ya hema hakuna ukuta, na sauti za chini hupotea. Ndipo kabati lililofungwa kama la Marshall huonyesha ubora wake. Lakini tukiweka maikrofoni mbele ya spika, hoja hiyo inapungua sana. Kwa bendi inayopewa maikrofoni, Fender Deluxe Reverb ya wati 22 yenye valvu mbili za 6V6 ingetosha, na ina kilo 19 hivi wakati Twin inafika 29 na AC30 za sasa zinapita 30. Mnaobeba vyombo kwenye bajaji mfikirie hilo.

Kabati la ohmu 8 (ohmu ni kipimo cha ukinzani wa spika) lipo hapa Nyegezi. AC30, kama ni ya sasa, iwekwe kwenye 8. Twin ni ya ohmu 4, itavumilia 8 kwa kupungukiwa nguvu kidogo, ila isiwashwe hata mara moja bila spika, maana transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Mje nazo Jumamosi asubuhi, pamoja na mpiga ridhimu wenu na ile transista yake.