Naombeni ushauri: konibifu ya kipande iive laini, na sosi isiyo na wanga, nina mgeni Jumapili

Mke_wa_Baridini
Wakuu habari za majukumu. Naomba msaada wa haraka. Niko Massachusetts, Marekani, nje kidogo ya Boston, Jumapili nina mgeni wa heshima na nimepanga kupika konibifu, sio ile ya kopo, nasema kile kipande kizima cha kidari kilicholowekwa kwenye maji ya chumvi na viungo. Mwezi wa tatu huku maduka yanajaza hicho kitu kwa ajili ya St. Patrick, ile sikukuu ya Waayalandi, na bei inashuka kweli. Nimeshanunua cha ratili nne kiko kwenye friji. Shida yangu ni mbili, kwanza ulaini, maana mwaka jana ilitoka ngumu kama raba watu wakatafuna kimya kimya. Pili sosi, mgeni hali wanga, kwa hiyo isiwe na unga, sukari wala asali, na wengi huku wanapaka sukari ya kahawia na haradali juu, hiyo hainifai. Kama kuna anayejua anisaidie, usingizi siupati.

Kisiki_cha_Mpingo
siti ya mbele kabisa, nasubiri picha

Mzee_wa_Kawe
Binti yangu umenirudisha mbali sana. Sisi tuliokulia Kawe konibifu ndio ilikuwa jirani yetu, kiwanda cha Tanganyika Packers pale pale. Kopo lilikuwa na umbo lake, upande mmoja mpana mwingine mwembamba, na pembeni limebandikwa kifunguo. Unapachika kifunguo kwenye ule utepe wa bati unazungusha taratibu, ukikatika katikati hapo ndio vidole vinachanika. Mama alikuwa anakaanga vitunguu na nyanya, anaivunjia humo, pilipili mbuzi moja nzima asiipasue, tunashushia na ugali. Yale mafuta meupe ya kwenye kona za kopo tulikuwa tunagombania. Fanya hivyo tu binti, usihangaike na vipande.

Mke_wa_Baridini
Shikamoo mzee, asante sana. Ila kipande ninacho tayari na ugali ni wanga wenyewe.

Otis_wa_Athi
Sisi huku Kenya ni ile ya KMC, shirika la nyama la serikali lililoundwa 1950, kiwanda kiko Athi River. Shuleni ukiwa na kopo kwa sanduku wewe ni mfalme wa bweni. Sijui ya kipande inaliwaje lakini nafuata huu uzi

Mpishi_Sabasaba
Dada mimi jikoni la hoteli ndio maisha yangu, ngoja nikupe yote. Kwanza niambie, mwaka jana uliipika kwa moto gani na kwa muda gani?

Mke_wa_Baridini
Moto mkubwa, lisaa limoja na nusu hivi, mpaka nikaona imeiva kabisa.

Mpishi_Sabasaba
Ndio maana. Kidari ni nyama ya kazi, mnyama kutwa nzima anaubeba uzito wake hapo, imejaa zile kano kano, kolajeni. Hiyo kitu inayeyuka taratibu, kuanzia kama nyuzi joto 70 kwenda juu, na inataka masaa. Ukiitokosa kwa moto mkali nyama inajikaza inakamua maji yake yote kabla kano hazijaachia, unabaki na nyuzi kavu. Kuiva na kulainika ni vitu viwili.

Fanya hivi. Suuza kipande vizuri kile kimaji chote cha kwenye pakiti kitoke. Weka kwenye sufuria nzito, upande wa mafuta juu, maji baridi yafunike, chemsha mara moja, onja yale maji, kama ni chumvi kali mwaga anza na mapya. Tia kile kipakiti cha viungo, mbegu za haradali, giligilani, pilipili manga. Sasa punguza moto mpaka uone povu moja moja linapanda, yasiruke. Funika. Hesabu kama lisaa kwa kila ratili, kwa hiyo ratili nne ni masaa matatu na nusu hadi manne. Usitoe kwa saa, toa kwa uma, uma uingie na kutoka bila kung'ang'ania. Kama una kipimajoto ndani isome 90 hadi 95. Kama una presha kuka, lisaa limoja na nusu linatosha halafu acha presha ishuke yenyewe.

Ikishaiva iache kwenye supu yake dakika 20 ndio uikate, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Angalia nyuzi zinaelekea wapi, kisu kipite kuzikatisha, sio kuzifuata. Hata nyama laini ukiikata kwa kufuata nyuzi inakuwa ngumu mdomoni.

Sosi: krimu nzito kikombe, haradali ya Dijon vijiko viwili vya chakula, ule mzizi mkali unaopanda puani, hosradishi ya kwenye chupa, kijiko kimoja, na supu ya nyama robo kikombe. Chemsha bila kufunika mpaka ishike mgongo wa kijiko. Unga hauhitajiki kabisa, krimu inajipa uzito yenyewe. Kikombe kizima cha krimu kina wanga kama gramu 7 na hicho mnagawana meza nzima. Soma chupa tu usije ukachukua haradali ya asali.

Mke_wa_Baridini
Mungu akubariki kaka, nimeandika yote.

Bi_Mkubwa_Tanga
Mimi mnisamehe. Tangu lini mgeni akampangia mwenyeji chakula? Kwetu mgeni anakula alichokikuta, akishukuru anaaga. Pika pilau yako mwanangu, na kachumbari, anayetaka ale.

Mke_wa_Baridini
Shikamoo bibi. Sio mgeni wa barabarani, ni mama mkwe wangu. Mume wangu ni wa huku huku, ukoo wao ulitoka Ayalandi, na hii nyama na kabichi ndio chakula chao cha St. Patrick tangu wako watoto. Mama ana sukari, ndio maana nasema wanga hapana. Mwaka jana wifi alisema mezani kwamba mwakani bora apike yeye.

Kisiki_cha_Mpingo
kumbe vita ya mawifi 😂 sasa uzi umenoga

Mama_Pacha
Pole mwaya. Mimi mama mkwe alikuja nikampikia samaki wa nazi, nimehangaika feri tangu alfajiri, akala kidogo akasema "umejitahidi". Hilo neno mpaka leo nalisikia. Sasa hivi akija anapika yeye mimi nakatakata vitunguu tu na tunaelewana vizuri.

Nesi_wa_Zamu
Mleta mada, naomba nikuulize kitu. Ana sukari tu? Presha je? Umri gani, anatumia dawa gani?

Mke_wa_Baridini
Dada daktari wake anamjua vizuri, mimi niliuliza sosi na ulaini.

Nesi_wa_Zamu
Najua. Ila konibifu tatizo lake sio wanga, nyama yenyewe karibu haina wanga. Tatizo ni chumvi. Ndio maana nauliza presha.

Mpishi_Sabasaba
Swali la msingi hilo, jibu dada.

Mke_wa_Baridini
Haya. Presha anayo miaka mingi, anakunywa losartan. Na baada ya krismasi walimwambia figo zimeanza kuchoka. Lakini wakuu nielewe, hii ni mara moja kwa mwaka, ameila maisha yake yote, nilishampigia simu nikamwambia mwaka huu napika mimi akafurahi mno. Na nitailoweka usiku kucha nibadilishe maji. Nyama nimeshanunua. Sioni tatizo la kipande kimoja.

Nesi_wa_Zamu
Nisikilize bila kukasirika. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima abaki chini ya miligramu 2000 za sodiamu kwa siku, yaani chumvi isiyofika gramu 5, haijai hata kijiko cha chai. Konibifu iliyopikwa, gramu 100 tu ina sodiamu karibu miligramu 970. Na nani anakula gramu 100 sikukuu? Akila mara mbili ya hapo kiwango cha siku nzima kimeishia kwenye nyama, bado haradali, bado siagi ya chumvi kwenye kabichi. Kuloweka kunasaidia kidogo lakini chumvi imeshaingia mpaka katikati, nyingi itabaki. Mwenye figo zilizochoka hiyo chumvi anavimba nayo miguu na presha inapanda.

Na kingine, kama anachoma insulini au anameza vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu, wewe umeondoa viazi, karoti na mkate wote bila kumwambia, dozi ile ile inaweza kumwangusha sukari mezani. Mwambieni menyu mapema.

Jogoo_la_Mjini
Rahisi tu, kuna chumvi mbadala zinauzwa za wenye presha. Nunua kidari kibichi ukiloweke mwenyewe na hiyo, kazi imeisha.

Nesi_wa_Zamu
HAPANA. Nyingi ya hizo ni potasiamu. Huyu mama anatumia losartan, hiyo dawa yenyewe inafanya potasiamu ibaki mwilini, na figo zimechoka kuitoa. Potasiamu ikipanda sana inasumbua mapigo ya moyo. Tafadhali dada usiguse hiyo kitu bila daktari wake kukubali.

Jogoo_la_Mjini
Duh. Hilo sikulijua, mama yangu anatumia dawa jina kama hilo na hiyo chumvi nilimnunulia mimi. Nampigia sasa hivi.

Mkaazi_wa_Liffey
Wakuu mnapigwa chai hapa na mnaongeza sukari. Mimi naishi Dublin, naijua St. Patrick ya kwenyewe. Huku hakuna mambo ya konibifu siku hiyo, watu wanakula bekoni na kabichi au kondoo. Halafu angalieni stori inavyokua, ilianza "mgeni", ikawa mama mkwe, sasa presha na figo. Kesho atakuwa mjamzito. Na St. Patrick ni tarehe 17, yeye anapika Jumapili. Huyu anatunga.

Kisiki_cha_Mpingo
eeh hilo la tarehe hata mimi lilinipita, mleta mada weka picha ya nyama

Mama_Pacha
Mimi nilishaanza kumwombea huyo mama jamani

Mke_wa_Baridini
Jumapili ndio siku kila mtu hayuko kazini, ndio maana. Mgeni nilisema mgeni kwa sababu sikutaka kuandika ugonjwa wa mkwe wangu mtandaoni, mtu mzima ana heshima yake. Nimeulizwa nimejibu. Sina faida yoyote ya kutunga nyama.

Boston_Kitambo
Mkaazi wa Liffey uko sahihi kwa Dublin na umekosea kwa Boston. Konibifu ya St. Patrick ni mambo ya Waayalandi wa Marekani. Kwao Ayalandi nyama ya ng'ombe mwananchi wa kawaida alikuwa haigusi, mji wa Cork ulikuwa unatia chumvi nyama nyingi sana ila inapanda meli kwenda kuuzwa nje. Walipokimbilia Marekani miaka ya 1840 wakati wa njaa ya viazi na baada yake, kule New York bekoni ya kwao hawakuipata kirahisi, wakakuta mabucha ya Wayahudi yanauza kidari cha chumvi kwa bei wanayoiweza. Wakakichemsha na kabichi. Basi ikabaki. Kwa hiyo dada hatungi.

Na dada, nakupa kitu kitakachokusaidia. Mkwe wako amekulia wapi?

Mke_wa_Baridini
Hapa hapa, South Boston.

Boston_Kitambo
Basi huyo kakulia kwenye konibifu ya kijivu. Ile nyekundu nyekundu ya madukani inapata rangi kwa sababu ya naitraiti, ile chumvi ya kuhifadhia nyama, wanayoweka kwenye maji ya chumvi. Watu wa zamani wa Boston wanapenda isiyo na naitraiti, ikiiva inakuwa kijivu kama nyama yoyote ya kuchemsha. Na yenyewe ni ya chumvi usinielewe vibaya. Ninachosema, ukinunua kidari kibichi kisicho na chumvi, ukakipika na viungo vile vile, rangi haitamshtua mtu.

Mpishi_Sabasaba
Naam! Hapo sasa. Kile cha ratili nne wapikie wengine. Kwa mama nunua kidari kibichi cha ratili moja na nusu, sufuria yake peke yake, supu zisichanganyike. Viungo gawa kipakiti nusu kwa nusu, soma kwanza kama hakina chumvi, ongeza kitunguu, saumu na siki vijiko viwili, siki inaamsha ladha palipokosa chumvi. Moto ule ule mdogo, masaa mawili na kitu, uma ndio hakimu.

Na sosi naibadilisha. Acha Dijon, ina chumvi, tumia haradali ya unga kijiko cha chai, ikoroge na maji ya baridi uiache dakika 10 iwake. Krimu ile ile, hosradishi ile ile, supu tumia ya sufuria ya mama. Hiyo sosi meza nzima itakula.

Mke_wa_Baridini
Ila akiuliza kwa nini sufuria mbili? Wifi atasema nimembagua mama yake, namjua. Na mimi nilitaka mara hii wote wale sahani moja wanyamaze.

Bi_Mkubwa_Tanga
Mwanangu, mama mwenyewe anajua figo zake. Mpigie umwambie, mama nimekupikia yako isiyo na chumvi. Mwanamke wa umri huo akisikia mkaza mwana amemfikiria hivyo, wifi atasema nini tena?

Nesi_wa_Zamu
Au mpike yote kibichi, wote wale hiyo. Ile ya chumvi igandishe, mtakula siku nyingine mama hayupo.

Mke_wa_Baridini
Hilo la kugandisha sikuliwaza. Pakiti sijaifungua. Nimemuuliza mume wangu sasa hivi, anasema mama anachoma insulini asubuhi na jioni, na anasema tumuulize yeye kuhusu viazi kabla ya Jumapili, kwa hiyo kesho nampigia. Mpishi, kidari kibichi cha ratili nne kwa watu sita, ni masaa yale yale manne?

Mpishi_Sabasaba
Yale yale. Kabichi iingie dakika 20 za mwisho, vipande vinene, moyo wake wa katikati usiutoe vitaachana. Na kama mama atakubali viazi, viwili vitatu vidogo kwenye sufuria ya pembeni.

Mkaazi_wa_Liffey
Sawa nimekubali Boston ni kwingine. Hosradishi usiiweke mapema, ukiichemsha sana ukali unakufa. Zima moto ndio uikoroge.

Kisiki_cha_Mpingo
picha bado