Wakuu, spika zisizo na boksi: ubao uwe na upana gani?

mpangaji77
Wakuu habari za usiku. Nataka kutengeneza spika za ubao wazi, zile zisizo na boksi kabisa: unatoboa tundu kwenye ubao, unafunga spika, nyuma unaacha hivyo hivyo. Nilizisikia kwa jamaa mmoja Tabata, tangu siku hiyo sabufa yangu naiona debe.

Nilichonacho: spika mbili za inchi 8, koni ya karatasi. Ampli ya bodi ya TPA3116, naiendesha kwa chaja ya laptop ya volti 19. Plaiwudi ya milimita 18 ipo. Swali langu ni moja tu, upana. Fundi wa Keko anasema sentimita 40 zinatosha, mtandaoni naona watu wanaweka 60 mpaka 90. Jumamosi napeleka kukata, kwa hiyo naomba majibu ya haraka. Wale wa "nunua sabufa" mpite kimya kimya.

kiroba_cha_mchele
Nunua sabufa.

fundi_koili
Mkuu, koni ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta. Sauti ya nyuma ni kinyume cha ya mbele, zikizunguka ukingo wa ubao zikakutana zinafutana. Sauti nyembamba haziumii sana, inayoliwa ni besi. Wimbi la besi ya 50 Hz lina urefu wa karibu mita 7, ubao wa sentimita 40 kwake ni kama kibiriti. Kwa makadirio tu, ubao huo besi yake inaanza kuporomoka kwenye 200 Hz hivi, na kila ukishuka oktava moja, yaani Hz zikipungua nusu, unapoteza desibeli 6. Ukitaka kuzirudisha kwa ikwalaiza, kila desibeli 6 zinataka nguvu mara nne. Bodi yako kwa volti 19 na spika ya ohm 8 ina wati 20 na ushee. Hapo hufiki mbali.

Ndiyo maana spika yenyewe ni muhimu kuliko upana. Ubao wazi unapenda Qts kubwa, yaani kipimo cha koni kuyumba kwa uhuru bila kushikwa na sumaku, 0.7 kwenda juu, na hizo mara nyingi ni spika nyepesi zenye sumaku ndogo. Spika ya gari yenye sumaku kama sufuria inataka boksi. Sasa jibu: spika zako ni za nini, zimetoka wapi, na chumba kina ukubwa gani?

likoni_ferry
Sie huku Mombasa tulikuwa twaweka spika mdomoni mwa mtungi wa maji, uso waangalia juu. Besi ile! Siku moja nyanya akaja kuteka maji ya kunywa, akakuta waya. Nilipigwa mwiko, alama ipo hadi leo.

mpangaji77
Asanteni. @fundi_koili spika ni za kawaida tu, sumaku ya kawaida. Zilikotoka si muhimu. Chumba ni futi 10 kwa 10, nitazisimamisha ukutani upande wa miguuni pa kitanda. Kwa hiyo 40 au 60?

fundi_koili
Ukutani zikiwa zimegusa? Basi acha. Nusu ya sauti inatoka nyuma, lazima ipate nafasi, angalau mita moja toka ukutani. Siegfried Linkwitz, mhandisi Mjerumani aliyefanya kazi Marekani mpaka akafariki 2018, miaka yake mingi ya mwisho alihangaika na spika za namna hii, na suala la nafasi ya nyuma hakulikwepa. Wewe futi 10 kwa 10 na kitanda juu yake!

Na "zilikotoka si muhimu" si jibu. Weka picha ya nyuma ya spika.

mama_wawili
Mimi sijui hayo ya oktava. Ninachojua wapangaji wenye spika hawana haya. Jirani yangu anafungulia saa 11 alfajiri, mtoto wangu ana mtihani wa darasa la saba. Mleta mada, umewaza watu wa chumba cha pili?

fundi_koili
Dada, spika hizi sauti yake inakwenda kama namba 8, mbele na nyuma. Ukisimama ubavuni kabisa inanywea, besi hasa. Kwa hiyo jirani wa ubavuni atapumua.

kiroba_cha_mchele
Na wa nyuma ahame.

mpangaji77
Nitazivuta mbele nikiwa nasikiliza, nikimaliza narudisha, mbona rahisi. Picha hiyo hapo nimeweka.

Na kusema kweli ubao umeshakatwa. 40. Fundi alikuwa na nafasi jana, nikaona nisichelewe. Lakini mnieleweni, 40 si ndogo kwa chumba changu, na zikiwa 60 mlango haufunguki.

fundi_koili
Kwa hiyo ulikuja kuomba baraka, siyo ushauri. Sawa. Mbao za 40 hazijafa: ongeza mbawa. Vipande viwili vya sentimita 25, kimoja kila upande, vifunge kwa bawaba vikunjwe kuelekea nyuma. Njia ya sauti kuzunguka inarefuka, na ukimaliza kusikiliza unavifumba mlango unafunguka. Ubao ukae chini kabisa sakafuni, usiuinue kwa miguu. Natumaini tundu hukuliweka katikati kabisa.

mpangaji77
Katikati kabisa.

mzee_wa_santuri
Mwanangu, nauliza kwa mara ya tatu kwa niaba ya fundi. Spika za inchi 8 za karatasi, mbili, hazikutoka dukani siku hizi. Umezitoa wapi?

mpangaji77
Shikamoo mzee. Naomba msinihukumu.

Ni za redio ya kabati ya marehemu baba, ile yenye santuri juu na miguu minne. Ipo sebuleni kwa mama, Muheza. Imekufa miaka, imewekewa kitambaa cha kufuma na picha za harusi. Idi iliyopita nilikaa peke yangu usiku, nikafungua ubao wa nyuma, skrubu nane, nikazitoa nikaweka kwenye begi. Ubao nikarudisha. Kwa mbele kuna kile kitambaa cha rangi ya kahawa, huwezi kujua ndani hamna kitu.

Haikuwa inatumika! Zilikuwa zinaliwa na kutu. Mimi nazipa uhai. Shida iliyopo ni moja, kaka mkubwa amepiga simu juzi, anasema Idi hii anampeleka fundi aifufue, mama akisikiliza taarifa ya habari akumbuke enzi za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam. Ndiyo maana nina haraka, nikishazitengeneza nitawaonyesha zikiwa nzuri, hawatakuwa na la kusema.

ustadh_wa_gongo_la_mboto
Innalillahi. Mali ya marehemu ni ya warithi wote mpaka igawanywe, hata sindano. Mama yako ana fungu lake humo, ndugu zako wana mafungu yao. Unatoboa mbao juu ya mali ya watu. Kapige simu kwa kaka yako leo hii.

kiroba_cha_mchele
Baba akikujia usingizini usimwambie umeweka tundu katikati.

mzee_wa_santuri
Nicheke au nilie. Mwanangu, unajua lile kabati lilikuwa nini? Upana wake unapita mita, nyuma pana kibao chembamba chenye matundu matundu ili taa za valvu zisichemke, sauti inatoka huku na huku. Spika zile zilitengenezwa ziishi kwenye ubao mpana ulio wazi nyuma. Ulikuwa unalala chumba kimoja na kitu unachokitafuta mtandaoni.

Sisi tulikuwa nayo Korogwe. Saa ya salamu za wasikilizaji mtaa mzima upo barazani kwetu, baba anaisogeza toka ukutani kwa mikono yake, haruhusu mtu mwingine aguse. Nilidhani anaogopa joto. Kumbe mzee masikio anayo.

sina_simile
Samahani ndugu, mimi sijaona chai ya moto kama hii. Angalieni picha aliyoweka. Ukingo wa mpira mweusi, sumaku ya feraiti nene kama chapati mbili. Redio za kabati za zamani koni ni karatasi mpaka ukingoni, imekunjwa mikunjo mikunjo. Akaunti ina siku tatu. Swali la kwanza "upana", baada ya kurasa mbili ghafla marehemu, mama, Idi. Kesho anakuja mtu kuuza spika humu, mtaona.

likoni_ferry
Nami nilishaanza kumhurumia.

mama_wawili
Nilijua. Nilijua tangu "naomba msinihukumu".

kiroba_cha_mchele
Chai hii haina hata kitafunwa. Ustadh rudisha ile innalillahi.

mpangaji77
Sijatunga. Niliyoipiga picha ni ya kulia. Hiyo ilibadilishwa na fundi wa Tanga mjini zamani, nilikuwa mdogo, nakumbuka baba alirudi nayo kwenye gazeti. Ya kushoto ndiyo ya zamani. Nilipiga picha hiyo kwa sababu haina kutu.

sina_simile
Jibu limechukua saa nne. Saa nne ni muda wa kutosha kupika chai nyingine.

fundi_koili
Kuna njia ya kujua bila kugombana. Mleta mada, weka spika ya kushoto mezani, nyaya zikiwa huru. Gonga koni taratibu kwa ncha ya kidole, sikiliza. Halafu unganisha vituo vyake viwili vya kufungia nyaya kwa kipande cha waya, gonga tena. Fanya hivyo kwa zote mbili, andika unachosikia. Usiandike unachotaka nisikie.

mpangaji77
Nimefanya. Ya kushoto, nyaya huru: "buuu", inavuma kidogo. Nikiunganisha waya: "buu", karibu ile ile. Ya kulia, nyaya huru: "buu". Nikiunganisha: "tup", kama kugonga godoro. Nimerudia mara tano, mwenzangu ameamka ananiuliza nina nini.

Ya kushoto karatasi ina mikunjo mitatu ukingoni, na nyuma kuna mhuri wa wino umefutika, inasomeka 8 na nusu ya herufi.

fundi_koili
Hapo mimi namwamini. Mtu anayetunga angesema zote zinavuma, maana ndicho kinachomfaa. Ya kushoto sumaku yake dhaifu, haiwezi kuishika koni, hiyo ndiyo ya ubao wazi. Ya kulia inataka boksi. Kwa hiyo mkuu hauna jozi. Upande mmoja utapata besi, mwingine kelele za kati tu, hata ubao uwe na upana wa barabara ya Morogoro.

Rudisha zote mbili zilikotoka. Laki moja utapata jozi ya bei nafuu zinazofanana, chukua zenye sumaku ndogo, usikubali muuzaji akusifie uzito. Mbao zako za 40 na mbawa zitatumika.

sina_simile
Mimi bado nipo nusu nusu. Lakini "gonga godoro" ni nzuri, nakiri.

mpangaji77
Ijumaa napanda basi la Muheza. Nitasema nimekuja kusalimia. Usiku nazifunga, skrubu nane, nusu saa. Tatizo nilikata nyaya bila kuweka alama, sijui ipi chanya.

fundi_koili
Betri ya volti 1.5. Gusisha kwa sekunde moja: koni ikitoka nje, kituo kilichogusa chanya ndicho chanya. Spika zote mbili zifanyie hivyo uweke alama, zikipishana besi itafutana hata ndani ya kabati.

mzee_wa_santuri
Mwanangu, mama yako huwa anaifuta vumbi hiyo redio?

mpangaji77
Kila Ijumaa kabla ya adhuhuri. Kwa kitambaa kibichi.

mzee_wa_santuri
Na kile cha rangi ya kahawa cha mbele, anakifuta pia?

mpangaji77
Anakifuta.

mzee_wa_santuri
Kikiwa hakina spika nyuma kinabonyea, mwanangu. Mkono unaingia.