Klasta inatambaa wiki 3, kila ninayemuuliza ananiambia "ongeza nodi". Leo nasema yote

Wakuu habari za saa hizi. Naandika hii saa nane usiku na sio kwamba sina usingizi, ni hasira tu, nikilala nazo nitaamka nazo. Uzi ni mrefu, kama huna muda pita zako, ila kama na wewe unalinda databesi ya watu na umeshawahi kujibiwa "ongeza mashine" basi vuta kiti.

Tuna klasta ya MariaDB na Galera, yaani MariaDB ndo databesi na Galera ndo inayoziunga seva kadhaa (kila seva ni nodi) zishike data ileile. Nodi tatu, mbele yake kuna mashine inayogawa trafiki. Imekaa zaidi ya mwaka haina neno. Wiki tatu zilizopita asubuhi simu zikaanza, mfumo unakwama. Ungekufa ingekuwa afadhali, tungejua tumefiwa, tuzike tuendelee. Huu unakwama. Mtu anabonyeza hifadhi, kiduara kinazunguka, sekunde nne, sita, mara nyingine kumi na kitu, alafu ghafla vyote vinapita kwa mkupuo kama mfereji uliokuwa umezibwa na jani, dakika mbili safi, kinakwama tena. Kusoma hakuna shida kabisa, ukifungua ripoti au ukitafuta rekodi ni fasta tu. Kuandika ndo balaa.

Sasa hilo peke yake, kusoma haraka na kuandika kwa kujikongoja, lilitakiwa limshtue mtu. Lilimshtua nani? Hakuna, na mimi mwenyewe siku mbili za mwanzo nimo, nakiri. Watu wa netiweki wakasema ni databesi, wanaoandika programu wakasema ni netiweki, bosi akasema anataka ripoti.

Tukafungua tiketi kwa jamaa waliotufungia hii klasta na ndo wanaotupa sapoti (siwataji, wanajijua). Jibu la kwanza likaja baada ya siku mbili: tutumieni grafu ya prosesa. Tukatuma. Prosesa iko asilimia 12, imelala fofofo. Jibu la pili: ongezeni RAM. Jamani, data yote inaingia kwenye RAM tuliyonayo na nafasi inabaki, naongeza ya kufanyia nini? Jibu la tatu ndo lililoniumiza, eti "kwiri zenu ni mbovu, ziboresheni" (kwiri ni amri ambazo programu inaitumia databesi). Kijana wetu wa programu akakaa siku nne anaongeza indeksi (orodha za kusaidia databesi kutafuta haraka), anavunja kwiri na kuziunga upya, macho mekundu, na mfumo haukubadilika hata nusu sekunde.

Alafu na logi ya kwiri zinazochelewa walikuwa nayo, tuliwatumia wenyewe! Nimeifungua leo kwa utulivu nikataka kulia. Mstari wa juu kabisa, ule unaokula muda kuliko yote, ni COMMIT, amri ya kukamilisha na kuhifadhi mabadiliko. Neno moja. Sekunde 6. Chini yake UPDATE (amri ya kubadilisha data) ya rekodi moja, inatafutwa kwa ufunguo wake wa msingi, yaani kwiri nyepesi kuliko zote duniani, sekunde 5. Chini yake COMMIT tena. Sasa niambieni nyie mafundi, COMMIT utaiwekea indeksi gani? Ukiona kinachochelewa ni COMMIT maana yake kazi ya kwiri imeshaisha zamani, kinachosubiriwa ni kitu kingine kabisa, ni diski au ni wenzake kwenye klasta. Na mtu anayeuza sapoti ya klasta kashindwa kusoma neno moja.

Ngoja niwaeleze wasioijua Galera, manake hapa ndo penye kiini. Ukiandika kitu kwenye nodi moja, ukifika kwenye COMMIT mabadiliko yanatumwa kwa nodi zote, yanapangiwa namba ya foleni, kila nodi inakagua kama hayagongani na ya mwingine, mteja anajibiwa sawa. Zile nodi nyingine zinayaandika kwao kwa muda wao, kwa hiyo kila nodi ina foleni ya vitu ilivyopokea ila haijaviandika bado. Mpaka apo safi. Ila je kama nodi moja ni mzito? Foleni yake inarefuka. Galera haitaki iachwe nyuma sana, kwa hiyo foleni ikipita kiwango fulani (kigezo kinaanzia 16 na kinapanda kidogo kadiri nodi zinavyoongezeka) ile nodi nzito inapiga kelele "subirini!" na KLASTA NZIMA inaacha kutuma maandishi mapya mpaka mzee apunguze foleni yake. Hiyo breki inaitwa flo kontroli. Haijaharibika, imetengenezwa ifanye hivo. Kwa hiyo klasta ya Galera kwenye kuandika inatembea kwa mwendo wa nodi yake iliyo mgonjwa kuliko zote. Nodi mbili ziwe na nguvu za ajabu, ya tatu ikichechemea wote mnachechemea.

Sasa rudini kwenye ushauri wa "ongeza nodi". Umeelewa kwa nini nimepandwa? Kwenye kuandika, ukiongeza nodi hujapunguza mzigo hata kidogo, kila nodi lazima iandike kila kitu. Umeongeza mtu mwingine wa kumsubiri.

Na jamaa wa sapoti waliiongeza kweli! Wiki iliyopita, mchana kweupe, saa ambayo trafiki iko juu. Niliandika kwenye imeili tufanye usiku, nikajibiwa "haina athari". Nodi mpya ikiingia haina kitu, inabidi mmoja wa waliopo aipe nakala nzima ya databesi. Na tena ni ya nne. Nodi nne! Mtandao ukikatika katikati mbili huku mbili kule, hakuna upande wenye zaidi ya nusu, zote zinagoma kufanya kazi. Ndo maana siku zote inashauriwa namba isiyogawanyika kwa mbili. Hilo nililijua kabla sijajua kurestati seva vizuri, wao wataalamu hawajui.

Sasa sikilizeni kituko. Nodi mpya ilipoanza kupokea nakala, mfumo UKAWA SAFI. Kiduara hakuna, kuhifadhi ni papo hapo, simu zikanyamaza. Jamaa wa sapoti akatuma ujumbe kwenye grupu, na vidole gumba vitatu, "mnaona sasa, tuliwaambia". Bosi akajibu kwa kidole gumba chake. Mi nikabaki nimeduwaa, manake nodi ile ilikuwa bado haijamaliza hata kupokea data, haihudumii mtu yeyote, inasaidiaje? Dakika arobaini hivi baadae nakala ikaisha, na mfumo ukarudi kukwama vibaya kuliko mwanzo. Jamaa kwenye grupu kimya, vidole gumba vimebaki apo juu kama mnara wa kumbukumbu.

Nilikaa na hilo swali siku tatu. Kwa nini ilipona dakika arobaini? Leo jioni ndo likanijia nikiwa sifikirii kazi kabisa. Nodi inayotoa nakala, kwa muda ule inaotoa, inaruhusiwa kubaki nyuma, foleni yake ikirefuka hakuna anayesimamishwa. Maana yake ile iliyochaguliwa kutoa nakala siku ile ndo mgonjwa! Ilipopewa kazi ya kutoa ikaacha kupiga breki, wote tukapumua, ilipomaliza ikarudi kundini na foleni yake ndefu ikatukaba upya. Nikakimbilia logi. Aliyetoa nakala: nodi ya 3.

Nikaingia kila nodi moja moja, SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'wsrep_%' (amri ya kuonyesha vipimo vya Galera), kitu ambacho hakichukui hata dakika. Wsrep_flow_control_paused, ambayo inakuambia ni sehemu gani ya muda umesimamishwa, ilikuwa 0.61. Yaani zaidi ya nusu ya muda wote klasta imesimama, haifanyi kitu, ndo maana prosesa imelala! Hiyo inaonekana kokote, haikuambii mkosaji ni nani. Mkosaji anaonekana kwenye wsrep_flow_control_sent, manake hiyo inahesabu breki ambazo nodi YENYEWE imetuma. Nodi ya 1 sifuri. Nodi ya 2 sifuri. Nodi ya 4 sifuri. Nodi ya 3 namba ndefu, narudia amri inazidi kupanda mbele ya macho yangu.

Kuhakikisha nikaitoa kwenye trafiki ya kusoma, manake nilijua itabaki nyuma na sitaki mtu asome data ya zamani, alafu nikaiwekea wsrep_desync=ON, yaani iruhusiwe kubaki nyuma bila kuwapigia wenzake breki. Mfumo ukafunguka palepale. Wiki tatu, wakuu. Amri moja.

Nikaangalia diski za ile nodi kwa iostat, amri inayoonyesha mwendo wa diski. Kuandika mara moja kunasubiri milisekunde karibu ishirini, kwenye nodi nyingine haifiki hata moja. Zile ni diski za kuzunguka, mizunguko 7200 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8 na kidogo, kwa hiyo ukiilazimisha diski ya hivo ithibitishe kila andiko mpaka kwenye sahani yenyewe hupati zaidi ya maandiko 120 hivi kwa sekunde, na sisi saa za kazi tunapita apo mara kadhaa. Siku zote ilikuwa inaokolewa na kadi ya RAID (kadi inayosimamia diski za seva), ile ina kumbukumbu yake ndogo inayopokea andiko, inajibu "nimelipata" na kulishusha kwenye diski baadae. Ila kadi ina akili, kumbukumbu hiyo inalindwa na betri ili umeme ukikatika data isipotee. Betri ikifa kadi inaacha kuahidi, inasubiri diski kila mara. Haizimi, haikatai kazi, inakuwa tu nzito. Nikafungua logi ya kadi. Betri imeshindwa, saa tisa na dakika kumi na mbili usiku, tarehe ileile ambayo asubuhi yake simu zilianza.

Betri. Wiki tatu za makelele, kijana kavunja kwiri zake bure, nodi ya nne imenunuliwa, kwa sababu ya kibetri kinachoingia kwenye kiganja.

Na bado. Nikashuka chumba cha seva kuiona kwa macho. Mashine ikiwa na hitilafu huwa inawasha taa ya rangi ya chungwa kwa mbele, hata mlinzi anaweza kuiona. Nikapita mbele ya zile seva, zote taa buluu, ya 3 haina taa yoyote. Nikainama na tochi ya simu. Kuna mtu kabandika plasta nyeusi ya umeme juu ya taa. Kipande kimekatwa kwa mkasi kabisa, kona nne zimenyooka, mtu kakaa akapima. Nikakibandua, taa ya chungwa ikanipiga usoni, inapepesa. Nimekipiga picha, kipande chenyewe kipo mezani kwangu hapa. Nikimpata aliyebandika sijui nitamfanya nini lakini kwanza nitamuuliza ilikuwa inamsumbua wakati anafanya nini.

Grafu zetu nazo zina kesi. Zinaonyesha WASTANI wa nodi zote. Chukua nodi mbili nzima na moja mgonjwa, tafuta wastani, unapata klasta yenye mafua kidogo. Mkirudi kazini kesho tenganisheni grafu, kila nodi mstari wake, na ya kusubiri diski na ya flo kontroli ziwekwe juu kabisa, hiyo ya prosesa ipelekeni chini huko.

Kitu kingine nimekikuta njiani, wsrep_slave_threads imeachwa 1, kama ilivyotoka kwenye boksi. Yaani nodi inaandika foleni yake kwa mkono mmoja, tangu siku ya kwanza jamaa walipotufungia. Betri ikiwa nzima haikuonekana, betri ilipokufa ndo ikamaliza kazi. Nimeipandisha hadi 8 baada ya kuangalia wsrep_cert_deps_distance (kipimo cha maandiko mangapi yanaweza kuandikwa sambamba) inaruhusu kiasi gani. Kuna watakaokuja hapa kusema "weka innodb_flush_log_at_trx_commit iwe 2 yaishe", yaani databesi isisubiri diski kila COMMIT, najua, na kwenye klasta wengi wanafanya hivo, ila kwangu hiyo ingekuwa plasta nyingine juu ya taa.

Betri mpya inafika kesho kutwa. Mpaka apo nodi ya 3 iko pembeni, na nikiitoa kabisa nabaki na tatu, namba nzuri. Mfumo unaenda vizuri tangu saa tatu usiku.

Nyongeza, saa nane na nusu: nimeingia kuweka haya maelezo kwenye tiketi, nimekuta jamaa wameshaifunga. Imefungwa saa tatu na dakika ishirini usiku, waliona tu grafu imetulia. Sababu waliyoandika: "Tatizo limeisha baada ya nodi ya nne kuzoea mazingira."

Kuzoea mazingira. Nimeifungua upya na nimewawekea picha ya plasta.