Waliowahi kwenda rizoti za gofu milimani, tupeane uzoefu

Wakuu habari, waliofika kwenye hizi rizoti za kishua zenye kiwanja cha gofu juu mlimani, ukiacha picha za matangazo hali halisi ikoje? Mi nacheza, wife hachezi kabisa. Funguka hapa.

Mkuu kwanza mpira unaruka balaa. Hewa huko nyepesi, ukifika mita 1,600 hivi fimbo ileile inakuongezea umbali kama asilimia 6 mpaka 10, hata maproo wakienda Crans-sur-Sierre kule Uswisi, karibu mita 1,500, lazima wapige hesabu upya. Ila kilichoniacha hoi ni grini, pale kwenye nyasi fupi zenye shimo. Kwa macho yangu mpira ulikuwa ukate kushoto, kedi, yule mbeba fimbo, akaniambia bosi achana na nyasi, tazama kilele kiko wapi, mpira unaukwepa mlima. Nikagonga alivyosema, ukaanza kwenda kama umepotea, ukapinda wenyewe taratibu ukatumbukia. Nikamwachia tipu palepale.

Mi ndo mke asiyecheza sasa hahaha. Wala usimwonee huruma, kuna farasi, baiskeli, kuvua samaki mtoni, kuteleza kwenye waya juu ya bonde. Ila siku ya kwanza atembee tu, pumzi inakata hata kwenye ngazi za chumbani. Na jua la huko linadanganya, unasikia baridi kumbe unaungua, kila mita 1,000 mionzi inapanda kama asilimia 10. Mume wangu alirudi mkono mmoja mweusi, mwingine wa glovu kama wa mtu mwingine.

Nyie mmesahau radi. Cheza asubuhi, mchana mawingu yanajikusanya fasta. Honi ya tahadhari ya radi ikilia acha kila kitu, kile kigari cha gofu hakikukingi na chini ya mti ndo kabisaa usiende, ingia jengoni mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kuna jamaa alitaka amalizie kwanza pati yake, lile pigo la kuusukuma mpira shimoni, kedi wake alishatimka zamani.

Na uliza bei imebeba nini. Nilikofikia mimi, jina silitaji, kigari bili yake, mipira ya mazoezi bili yake, farasi bili yake.

Asanteni wakuu. Huyo farasi, mtu mnene kidogo wanamkubali?

Wanaulizia kilo kabla, na kwenye waya pia. Piga simu mapema, msije kuzozana getini.