Geji ya mafuta ya Land Rover Series III imelala E, tatizo liko wapi?

MtuWaMufindi:
Wakuu, naombeni msaada. Nina Land Rover Series III ya mwaka 1976, ile fupi ya petroli, aliyoniachia marehemu baba. Mshale wa mafuta umelala kwenye E hata nikijaza tangi. Wa joto unafanya kazi vizuri kabisa. Fundi wa hapa mtaani anataka tufumue dashibodi tuweke geji mpya. Roho inaniuma, dashi hii ni ile ile ya kiwandani. Nianzie wapi?

FundiWaya:
Mkuu, usifumue kitu. Nyuma ya dashi kuna stabilaiza, inashusha umeme wa betri hadi volti 10 hivi na kulisha geji zote mbili, ya mafuta na ya joto. Ingekufa, mishale yote miwili ingelala. Kwa hiyo hapo pako salama. Na geji mpya isiyoendana na omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) za sensa yako, kile kifaa cha ndani ya tangi kinachopima mafuta kwa boya linaloelea, itakudanganya kila siku.

Inua mto wa kiti cha dereva, tangi liko chini yake. Kwenye sensa chomoa waya wa kijani wenye mstari mweusi, ufunge kwenye chuma kisafi cha bodi. Ufunge kwanza ndipo uwashe swichi, cheche isije ikaruka juu ya tangi. Geji hizi hupanda polepole, subiri. Mshale ukifika F, zima swichi hapo hapo; geji na waya ni vizima, tatizo liko upande wa sensa.

DadaWaGereji:
Naongezea kaka. Hasi ya sensa, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, inapita kwenye mwili wa tangi na bolti zake. Kutu ikiingia hapo, mshale unalala vilevile. Vuta waya kutoka kichwa cha sensa hadi kwenye chesisi uone.

MtuWaMufindi:
Asanteni sana. Waya ukiwa kwenye bodi, mshale umepanda hadi F. Hasi nimevuta, bado E. Nimepima sensa kwa mita, tangi limejaa: omu 240 hivi, haisogei hata nikitikisa gari.

FundiWaya:
Basi tumeipata. Hiyo 240 ni ya tangi tupu. Likijaa inatakiwa ishuke hadi makumi machache tu. Boya halielei. Punguza mafuta, toa sensa, litikise boya karibu na sikio. Petroli ikicheza ndani, limetoboka. Tafadhali usilichome lehemu, mvuke uliomo unalipuka. Nunua jingine, na gasketi mpya.

DadaWaGereji:
Sensa ikiwa nje, unganisha mita uinue mkono wa boya taratibu. Namba zishuke bila kuruka. Zikiruka, waya uliozungushwa ndani umelika, boya jipya halitasaidia. Badili sensa nzima.

MtuWaMufindi:
Sawa dada. Jumamosi naitoa, nitaleta majibu na picha.